Kurudi Mwanza Baada ya Safari Ndefu ya Pikipiki: Mwongozo Kamili wa Wiki Nane za Mwanzo

Ukiwa unatokea Sirari, mpakani na Kenya, na jua likakukuta Lamadi limeanza kushuka, lala Lamadi. Zimebaki kilomita kama 120 kufika mjini, na najua moyo unavyomvuta mtu aliyekwisha kuliona ziwa kutoka barabarani. Lala hapohapo. Oga, kula sato, piga simu nyumbani useme unaingia kesho saa nne asubuhi.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Mwanza anayerudi baada ya wiki nyingi au miezi barabarani: aliyelizunguka ziwa kwa kupitia Kisumu, Kampala na Bukoba, akaivuka ikweta mara mbili, Maseno na Kayabwe, aliyeshuka hadi Cape Town akarudi kwa Tunduma, au aliyepanda Kigali na Bujumbura. Nimemwandikia mpanda pikipiki, ingawa mwenye gari atapata mengi ya kwake. Ninaloliamini ni kwamba mtu harudi kwa siku moja. Mwili unafika leo, pikipiki inafika ikishafunguliwa gereji, hesabu zinafika mwisho wa mwezi, na wewe mwenyewe, kama baba au mama au mtoto wa nyumba hiyo, unafika nyuma ya vyote. Kwa hiyo kurudi kunapangwa kwa wiki, na wiki nane zinatosha.

Hatua ya 1: Gawa siku ya mwisho mara mbili

Kuna njia tatu kuu za kuingia mjini, na kila moja ina mahali pazuri pa kulala usiku wa mwisho. Ya Musoma, lala Bunda au Lamadi. Ya Shinyanga, kwa wanaotoka Dodoma na Singida, lala Shinyanga mjini. Ni kilomita kama 160 tu asubuhi yake. Ya Geita, lala Geita au Sengerema.

Sababu si uchovu peke yake. Siku ya mwisho macho hulegea kwa kuwa barabara unaijua. Mtu aliyevuka nchi tano akiangalia kila kichaka, akifika Magu anaendesha kwa kumbukumbu. Na ukanda huu unadai macho: ng'ombe hurudi zizini jioni, wanavuka lami Magu na Misungwi bila haraka, baiskeli zimebeba mkaa, bodaboda hazina taa ya nyuma. Kwenye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo wanajua kabisa kwamba msafiri anayekaribia kwake huwa anakimbia.

Wanaoingia kwa Geita wana jambo jipya. Zamani foleni ya kivuko cha Busisi ilimlazimisha mtu ashuke, anyooshe mgongo, anywe soda. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3 kutoka Busisi hadi Kigongo, na unavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache bila kuzima injini. Pumziko lile limetoweka, kwa hiyo jiwekee la kwako: simama Sengerema nusu saa, kabla ya daraja.

Kama umetoka Rwanda, Burundi au Kongo, umeendesha upande wa kulia kwa siku kadhaa. Ukishavuka Rusumo au Kabanga unarudi kushoto, na kwenye magari mengi hutakosea, kwa sababu utafuata wenzako. Hatari iko kwenye barabara tupu alfajiri, na pale unapotoka sheli ukiwa unawaza mambo mengine. Funga kitambaa chekundu kwenye mshikio wa kushoto wa usukani na ukiache hadi uwe umemaliza wiki nyumbani.

Marafiki watataka kukupokea kwa msafara na honi. Waambie mkutane Usagara au Kisesa, mahali pa kusimama kando kabisa ya barabara, mpige picha, mkumbatiane, kisha muingie polepole. Anayetaka kuonyesha ufundi wa kuinua tairi la mbele asiwemo kwenye msafara wako.

Hatua ya 2: Watu kwanza, mizigo baadaye

Saa nne asubuhi niliyoitaja ina maana yake. Foleni za asubuhi zimepungua, waliobaki nyumbani wamemaliza usafi, na una mchana mzima mbele yako wa kukaa nao ukiwa macho. Anayeingia saa tatu usiku huangusha mabegi na kulala, na watoto wanamwona kesho yake akiwa amevimba macho.

Siku hiyo usifungue mabegi. Kaa. Salimia wakubwa kwa mpangilio wao. Kama wazazi wapo kijijini, Kwimba au Sengerema, wapigie kabla hujaweka picha yoyote mtandaoni, kisha waende kuona uso wako ndani ya siku kumi. Mzee aliyeambiwa na jirani kwamba mwanawe amesharudi anaumia, hata asiposema. Jirani aliyekulindia nyumba naye ana haki ya kupokea mkono wako kabla ya watu wa mtandaoni.

Zawadi zisikutese. Kitenge kwa mama, kahawa ya Bukoba kwa mjomba, daftari lenye picha ya tembo kwa mtoto, vinatosha. Ila kiwepo kitu. Kurudi mikono mitupu kutoka safari ya miezi kunasomeka nyumbani kama kutowakumbuka, na hakuna hotuba itakayolifuta hilo.

Sasa jambo zito. Wakati wewe unavuka mipaka, mwenzako alikuwa anaendesha nyumba peke yake. Maji yalikatika, akatafuta dumu. Mtoto aliumwa usiku, akampeleka hospitali ya Sekou Toure. Ada ililipwa, kuku waliuzwa, kitanda kilihamishwa upande wa pili wa chumba. Nyumba ina utaratibu mpya, na utaratibu huo ndio uliokuruhusu kuzurura. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo usibadilishe chochote. Usirudishe kitanda. Usiulize kwa nini dagaa sasa wananunuliwa kwa fulani badala ya fulani. Muulize mwenzako: "Mama Neema, nini kilikuwa kigumu zaidi?" Halafu nyamaza usikilize mpaka mwisho, bila kuingiza hadithi ya matope ya kwako. Kisha chukua kazi moja ambayo alikuwa anaifanya kila siku, uibebe wewe mwezi mzima: kupeleka watoto shule, kwa mfano, au kwenda sokoni. Nimeona nyumba zikitulia kwa hili kuliko kwa zawadi yoyote.

Hadithi zako zitapata nafasi. Watu wakisema "pole na safari" wanataka jibu fupi na sura nzuri. Mtoto anataka kisa kimoja kila jioni baada ya kula, na atakikumbuka. Wenzako wa pikipiki ndio watakaotaka saa tatu nzima, tena na hali ya barabara kilomita kwa kilomita.

Waliokusaidia njiani usiwaache. Fundi aliyekuchomelea keria, mama wa gesti aliyekupikia uji ukiwa na homa, askari wa mpakani aliyekuelekeza dirisha sahihi: kila uliye na namba yake mtumie picha na neno la shukrani ndani ya wiki ya kwanza. Baada ya hapo utaahirisha, na kuahirisha kutakuwa kimya cha kudumu.

Hatua ya 3: Usioshe pikipiki

Vijana wa kuosha watakuja mbio kuiona ilivyojaa tope. Wazuie hadi uwe umeikagua kavu, mchana, kwenye mwanga mzuri. Vumbi ni shahidi. Pale penye oili inayovuja, vumbi limeganda likawa jeusi na zito: kwenye gasketi, kwenye sili za shokapu za mbele, kwenye shafti ya sproketi ndogo. Ukiosha, umefuta ushahidi wote. Piga picha kila doa, kisha ndipo uoshe, kwa ndoo na brashi. Mashine ya presha isielekezwe kwenye beringi za magurudumu, kwenye cheni, wala kwenye soketi za umeme. Inasukuma maji ndani na grisi nje.

Ikishakauka, fuata mpangilio huu pamoja na fundi unayemwamini. Muombe ruhusa ya kukaa naye. Fundi mzuri hakasiriki.

Anza na oili. Washa injini dakika chache ipate moto, kisha imwage ikiwa ya vuguvugu kwenye beseni safi. Chovya sumaku. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho au vinavyokwaruza vidoleni vinataka injini ifunguliwe. Badilisha na filta yake. Filta ya hewa ikiwa ya karatasi, nunua mpya, isioshwe. Ya sponji inaoshwa kwa sabuni, inakaushwa kabisa, inapakwa oili yake. Ulipojaza mafuta ya madumu vijijini, mwaga bakuli la kabureta na usafishe kichujio cha tenki.

Cheni: ivute kwa vidole nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiachana na meno kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, imekwisha. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka italiwa haraka.

Magurudumu: inua tairi, lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, beringi zimechoka. Gonga kila spoku kwa spana ndogo ukisikiliza: iliyolegea inatoa mlio mzito, mfu, tofauti na wenzake. Rasta, yale mawimbi madogo ya barabara za vumbi, hulegeza spoku na nati kila mahali, kwa hiyo pita na spana kwenye keria, kwenye mabano ya begi za pembeni, kwenye vishikizo vya injini. Chunguza welding zote kwa tochi. Fremu ya nyuma, chini ya kiti, ndiyo iliyobeba hema, maji na madumu kwa miezi, na ufa mdogo hapo hauonekani hadi upakiwe tena.

Usukani: tairi la mbele likiwa juu, ugeuze taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ukihisi kama unaingia kwenye kishimo pale katikati, beringi za shingo zimeliwa. Brekipedi zikibaki chini ya milimita 2, toa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Kama yana miaka miwili, au ulishuka milima mirefu breki zikalegea, yabadilishe.

Mwisho ni jambo ambalo wengi hawalijui. Presha ya matairi na ugumu wa springi ya nyuma uliviweka kwa ajili ya mzigo. Sasa mzigo haupo. Pikipiki itaruka kwenye matuta, tairi la nyuma litateleza ukibana breki, na wewe bado umezoea uzito. Rudisha vyote kwenye vipimo vya mtu mmoja, vilivyo kwenye kitabu cha mtengenezaji, kisha kafanye mazoezi ya kubana breki mahali pa wazi kabla hujaingia kwenye msongamano wa Makoroboi, katikati ya mji.

Hema na mfuko wa kulalia vianikwe siku mbili. Unyevu wa ziwa hauna huruma na kitambaa kilichokunjwa.

Hatua ya 4: Mwili

Homa yoyote ndani ya mwezi wa kwanza ichukulie kuwa malaria hadi kipimo kikatae. Kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo unaweza kuwa umeumwa Nkhata Bay, kule Malawi, na ukaanza kutetemeka Nyakato, hapa Mwanza. Nenda kapime, kipimo cha haraka kipo hata kwenye zahanati, na umtajie daktari nchi zote ulizolala. Usinywe dawa mseto ya kubahatisha. Kipimo kikikataa na homa ikaendelea, rudi. Hapo kuna magonjwa mengine ya kutafuta.

Kichocho kinahitaji subira. Kama uliogelea au kuingia majini kwenye fukwe za ziwa letu au za Ziwa Nyasa, minyoo yake huchukua wiki kadhaa kukomaa na kuanza kutaga. Ukipima wiki ya kwanza huenda usikute kitu, na prazikwanteli, dawa ya kichocho, ukiimeza mapema haiui vizuri minyoo michanga. Weka tarehe ya wiki ya 8 tangu mara ya mwisho kuingia majini, upime choo na mkojo pia, kwa kuwa kichocho cha tumbo na cha kibofu huonekana sehemu tofauti. Ukipata homa, kikohozi na vipele kabla ya hapo, usisubiri tarehe; nenda ukaseme uliogelea wapi.

Kikohozi cha wiki mbili, pima kifua kikuu. Mguu mmoja uliovimba na kuuma baada ya kukaa siku nyingi kitini, hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda. Ganzi ya vidole kutokana na mtetemo wa usukani kwa kawaida hupungua kwa kupumzika. Isipopungua baada ya wiki chache, ionyeshe.

Na kama njiani palitokea mahusiano bila kinga, nakuomba kwa moyo wote upime VVU kabla hujaendelea na mwenzako kama kawaida. Dawa za kujikinga baada ya tukio zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72. Zikishapita, tumia kondomu, pima sasa na upime tena kwa tarehe utakayopewa kituoni.

Hatua ya 5: Karatasi na hesabu

Hili lifanye wiki ya kwanza, mchana mmoja. Hakikisha kila kibali cha muda cha kuingiza pikipiki katika nchi uliyopita kimefungwa ulipotoka. Kilichoachwa wazi kinaonyesha kwamba chombo bado kiko huko na hakijalipiwa ushuru. Bora kugundua hili ukiwa bado mpakani, kwa hiyo Sirari au Mutukula usiondoke dirishani kabla hujauliza. Waliotumia kaneti, kitabu cha forodha cha kuvushia chombo mipakani kwa dhamana, mathalani kwa kufika Misri, wakague kurasa zote zina mihuri ya kuingia na kutoka, kisha wairudishe kwa chama kilichoitoa ili wadai dhamana yao.

Angalia bima yako ya ndani. Kadi ya njano ya COMESA, bima ya kuvukia mipaka, ilikulinda kwenye nchi zinazoitambua, na huenda bima ndogo ya hapa iliisha ukiwa Lusaka. Angalia pia faini kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi. Cheti cha homa ya manjano kihifadhi, kinadumu maisha yote.

Shilingi za Kenya na Uganda zibadilishe mpakani kwenye duka lenye leseni. Sarafu hazipokelewi, wape watoto. Badilisha namba ya siri ya kadi ya benki uliyoitumia kwenye mashine za njiani, na soma miamala yote mmoja mmoja.

Kisha andika madeni. Uliyemkopa, aliyekutumia ulipoharibikiwa, uliyemwambia "nikirudi nitakulipa." Wapigie kabla hawajakupigia, hata kama huna, useme tarehe. Mtu aliyeshinda akitazama picha zako ufukweni huku akikudai anahitaji sauti yako kuliko yeyote.

Hatua ya 6: Kazi, na ile wiki ya tatu

Jipe angalau siku tatu kati ya kufika na kuanza kazi. Mwenye biashara, tuseme ya samaki pale Mwaloni, Kirumba, asiingie siku ya kwanza na kuanza kuhesabu mbele ya wateja. Keti na uliyemwachia faraghani, pitieni daftari, mshukuru kwanza. Kasoro zitajadiliwa baada ya hapo.

Wiki ya pili au ya tatu linakuja jambo ambalo watu wa safari hulionea aibu. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, mwili unataka kufunga mzigo. Kikao kinakuchosha, kuta ziko karibu, kila mazungumzo yanaonekana madogo, na unakasirika bila sababu. Hili ni la kawaida kwa mtu ambaye kila siku yake ilikuwa na uamuzi wa maji, mafuta na mahali pa kulala, ghafla hana la kuamua. Halimaanishi kwamba huipendi familia yako, wala kwamba umezaliwa uishi barabarani. Kwa hiyo usiuze pikipiki, usiache kazi, usitangaze safari nyingine hadi wiki nane zipite.

Tumia ile saa ya alfajiri. Panda hadi Igombe au Kayenze, tazama mitumbwi ya dagaa ikirudi, uwe kazini kwa wakati. Jumamosi vuka na kivuko cha Kamanga, au mchukue mtoto hadi makumbusho ya Bujora, pale Kisesa. Wikiendi moja nenda Ukerewe kwa kivuko cha Kisorya, ulale, urudi. Safari fupi zenye tarehe ya kurudi zinaushusha mwili ngazi kwa ngazi.

Ila kama usingizi umekataa kwa wiki kadhaa, pombe imeongezeka, au ajali uliyoiona njiani inakurudia usiku, tafuta msaada. Bugando wana idara ya magonjwa ya akili. Kwenda huko ni sawa na kupeleka pikipiki kwa fundi wa injini badala ya wa pancha.

Hatua ya 7: Wiki ya nane

Rudi gereji kaza spoku na cheni mpya, zimeshatulia. Kapime kichocho. Lipa deni lililobaki au weka tarehe mpya. Keti na mwenzako mfanye hesabu ya safari yote, mafuta, visa, gesti, matengenezo, faini, muone iligharimu nini kwa kweli, zikiwemo zile alizotumia yeye nyumbani.

Halafu andika kurasa mbili kwa ajili ya atakayepita njia hiyo baada yako: sheli ziko umbali gani, mpaka upi una foleni saa ngapi, fundi gani ana vipuri, kipande kipi hakipitiki masika. Mpe karatasi hiyo mkononi, na umpe na ile seti ya patchi na pampu ambayo hutaihitaji mwaka huu.